Baada ya usiku mbaya Limuru: familia yenye watoto watatu ianzie wapi upya?

Swali: Sisi ni wakazi wa Donholm, na tuna watoto watatu wenye umri wa miaka 12, 9 na 4. Mume wangu huwa kazini Jumamosi hadi saa sita mchana, na gari letu ni dogo, haliwezi barabara mbovu. Julai iliyopita tulikwenda kupiga kambi Limuru tukiwa na hema la watu wanne na godoro la kujaza upepo. Tulifika giza likiwa limeingia. Usiku baridi ilitushinda kabisa, tukaanza kudondokewa na maji ingawa mvua haikunyesha, na mtoto mdogo akalia hadi tukafunga virago saa kumi alfajiri. Sasa watoto hawataki kusikia habari za hema. Bado tunatamani kutoka mjini angalau wikendi moja kwa mwezi bila gharama kubwa. Tuanzie wapi, na tununue nini?

Jibu: Dada, kila jambo ulilolitaja lina sababu inayojulikana, na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba watoto wenu hawafai kulala nje. Nimeongoza familia nyingi katika safari za namna hii, na nimeona mara kwa mara kwamba watoto husamehe mvua, vumbi na hata chakula kilichoungua, lakini hawasahau usiku ambao hawakulala. Kwa hiyo ushauri wangu wote unaanzia hapo: pangeni usiku kwanza, kwa makini, kisha mchana utajipanga wenyewe, kwa maana mtoto aliyelala vizuri hahitaji burudani kubwa kesho yake.

Tuanze na baridi. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi yenyewe iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru iko juu zaidi, tena kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ambako upepo na ukungu havikosekani. Julai ndiyo kilele cha msimu wetu wa baridi. Mlichagua, bila kujua, mahali pa juu katika mwezi mbaya kuliko yote, na hata mtu mzima aliyezoea angehitaji vifaa vizuri.

Hata hivyo, naamini sehemu kubwa ya baridi ile iliwafikia kutoka chini. Godoro la upepo ni laini, lakini halizuii baridi, kwa sababu hewa iliyo ndani yake husukumwa huku na huku kila mtu anapojigeuza, na joto la miili yenu likachukuliwa hadi upande wa chini unaogusa ardhi. Watu wakihisi baridi huongeza blanketi juu, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwani juu hakuna tatizo tena. Blanketi linalokaa juu ya mwili huwa limefura na linashika hewa, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Blanketi linalolaliwa hubanwa na uzito wa mwili, likabaki kitambaa chembamba tu.

Tandikeni hivi. Chini kabisa weka turubai, lakini kingo zake zikunjwe ziingie chini ya hema, kwa sababu turubai linalojitokeza nje hukinga maji ya mvua na kuyapeleka chini yenu. Ndani ya hema tandika mkeka, na juu ya mkeka weka magodoro membamba ya sponji, ya inchi 2 au 3, yale yanayouzwa karibu kila mtaa wa Nairobi na ambayo huviringishwa yakafungwa kwa kamba. Sponji haibanwi ikaisha, hivyo inaendelea kushika hewa hata mtu akilala juu yake. Juu ya sponji tandika blanketi moja zito, kisha mlale, kisha mjifunike. Kila mtu avae soksi kavu ambazo hakutembea nazo mchana, na watoto wavae kofia za sufu. Mdogo alale katikati, kamwe asilale kwenye ukuta wa hema. Mablanketi mazito, majaketi na hata mabegi ya kulalia hupatikana kwenye mitumba ya Gikomba na Toi kwa bei nafuu kuliko dukani, na kwa sehemu hii ya safari sioni sababu ya kununua kipya.

Kuhusu maji yaliyowadondokea, nina hakika kabisa kwamba hema lenu halikuvuja. Mtu anapopumua usiku kucha hutoa mvuke, na ninyi mlikuwa watano ndani ya hema dogo, mkiwa mmefunga kila zipu kwa ajili ya baridi. Mvuke ule ulikutana na kitambaa kilichopozwa na hewa ya nje, ukageuka matone. Ukimulika tochi kwenye dari ya hema lililofungwa hivyo, utaona vitone vidogo vimejipanga kando ya mshono, na ukiligusa dari kwa kidole vinaungana na kuteremka kama uzi hadi kwenye kona, ambako ndiko blanketi hulowa. Dawa yake inawashangaza wengi: fungueni madirisha ya juu ya hema, hata kama kuna baridi, ili mvuke upate pa kutokea. Kifuniko cha nje nacho kivutwe kwa kamba hadi kikazane na kisiguse kitambaa cha ndani mahali popote, kwa kuwa panapogusana ndipo maji hupenya.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uzito wote. Familia zinapopatwa na baridi kambini, hufanya kama baadhi yetu tunavyofanya nyumbani miezi ya Juni na Julai: huingiza jiko la makaa ndani. Msifanye hivyo hata kwa dakika 10, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu na yanaonekana yamezimika. Makaa yanayofifia hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inayomlaza mtu usingizi kabla hajatambua kwamba anadhurika. Hema ni dogo kuliko chumba, kwa hiyo gesi hujaa haraka zaidi. Kufungua dirisha la hema hakutoshi kuifanya salama. Meko ya gesi pia ibaki nje. Jiko lilalie mbali na hema, na mtoto mkubwa wa miaka 12 aelezwe sababu, ili naye awe mlinzi wa sheria hiyo.

Sasa hema lenyewe. Maandishi ya "watu wanne" kwenye mfuko yana maana ya watu wazima wanne wamelala bega kwa bega bila mzigo wowote. Familia ya watu watano inahitaji hema la watu sita au zaidi. Kabla hamjanunua, kodini moja kwa wikendi ya kwanza, kwani wako wafanyabiashara Nairobi wanaokodisha vifaa vya kambi, na ukodishaji utawafundisha mnachohitaji kwa gharama ndogo. Mkishalipata, lisimamisheni kwanza kwa majaribio. Najua kwamba wengi tunaishi kwenye ploti na maghorofa yasiyo na uwanja, lakini sebule yenye viti vilivyosogezwa inatosha kwa hema linalojisimamia kwa fito zake, na mkienda mashambani kwa babu na nyanya mnaweza kulisimamisha nyasini, kulimwagia ndoo mbili za maji na kuona panapopenya. Watoto waliokwisha kulala ndani ya hema sebuleni hawaliogopi tena wakilikuta kambini, na kwa watoto wenu ambao wameshaumia mara moja, ningeliona zoezi hilo kuwa la lazima.

Vigingi vinavyokuja na mahema mengi ni vyembamba na hupinda vikikutana na mawe. Nunueni misumari ya inchi 6 kwenye duka la vifaa vya ujenzi na mchukue nyundo. Msumari upigwe kwa mshazari, kichwa kikielekea mbali na hema, ili kamba isiung'oe. Mkiwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi kama ule wa Embakasi na Athi River, kumbukeni kwamba hulegea sana ukilowa, hivyo wekeni jiwe zito juu ya kila kigingi.

Kuhusu mahali pa kuanzia, ningewashauri mteremke badala ya kupanda. Kwa familia yenu ningechagua Olorgesailie, eneo la kale lililo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, takriban kilomita 70 kusini-magharibi mwa Nairobi kwenye barabara ya Magadi. Kutoka Donholm mtapita Southern Bypass hadi Lang'ata, kisha Rongai na Kiserian, mpande bega la Vilima vya Ngong hadi Corner Baridi, halafu barabara ianze kuteremka kuelekea Bonde la Ufa, na ndani ya saa moja mtakuwa mmeshuka mamia ya mita. Mtoto atahisi mabadiliko hayo mwenyewe, kwani dirisha lililofungwa kwa baridi Corner Baridi litakuwa limefunguliwa kabla ya Oltepesi. Usiku wa huko una joto kuliko wa Nairobi, hata mwezi wa Julai.

Nimelichagua kwa sababu nyingine mbili. Kwanza, kuna vibanda vya kulala pamoja na uwanja wa mahema, kwa hiyo mkiulizia mapema mnaweza kuwa na kibanda cha akiba ikiwa mdogo atakataa hema saa tatu usiku, na kujua kwamba kuna pa kukimbilia huwatuliza wazazi kuliko watoto. Pili, watoto wa miaka 9 na 12 watapata jambo la kweli la kuangalia. Hapo palikuwa na ziwa ambalo lilikauka, na kando yake watu wa kale waliacha mashoka ya mkono ya mawe kwa wingi usioaminika. Mary na Louis Leakey walichimba hapo miaka ya 1940, na waliyaacha mengi yalale yalipopatikana, ili mgeni apite kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa na kuyatazama chini yake, yametapakaa ardhini. Mwacheni mtoto asimame hapo kwa muda anaoutaka. Mashoka hayo yana umri wa mamia ya maelfu ya miaka, na sijaona mtoto ambaye hakuuliza waliyatengeneza kwa kazi gani.

Olorgesailie ina madai yake. Ni kame, kwa hiyo bebeni maji yote kutoka nyumbani: lita 5 kwa kila mtu kwa siku ni kiwango cha chini, na kwa usiku mmoja na siku moja ningeweka mitungi mitatu ya lita 20 ndani ya gari. Januari na Februari jua la mchana huko ni kali mno kwa mtoto wa miaka 4, kwa hiyo matembezi yawe kabla ya saa nne asubuhi. Kwa kuwa ni nchi ya chini yenye joto, hatari ya malaria ni kubwa kuliko Nairobi, na zipu ya wavu wa mlango ifungwe kuanzia jua linapotua. Viatu viingizwe ndani ya hema na vikung'utwe asubuhi, kwa sababu nge hupenda mahali pa giza.

Naivasha ndiyo ingekuwa safari yenu ya pili. Kando ya ziwa kuna viwanja vingi vya kambi vya watu binafsi vyenye choo, maji na walinzi. Ziwa liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hivyo baridi ya usiku ipo, lakini mkitandika kama nilivyoeleza haitawasumbua. Ulizeni kabla ya kulipa kama kuna uzio wa kuzuia viboko, kwa kuwa hutoka majini usiku kula nyasi, na mtu akisimama kati ya kiboko na maji amejiweka katika hatari kubwa. Safari ya chooni usiku iwe ya mtoto pamoja na mzazi, kwa tochi, na mahali pasipo na uzio ni bora kuwa na ndoo yenye kifuniko ndani ya hema.

Karibu na hapo kuna Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambayo ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli miongoni mwa pundamilia na swala. Watoto wenu wawili wakubwa wataipenda mno. Lakini kuna korongo ndani ya hifadhi hiyo, jembamba na lenye kuta ndefu, na Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliwakumba wageni humo na kuua watu. Maji hayo huja kutokana na mvua iliyonyesha mbali, wakati juu ya korongo kwenyewe jua linawaka. Kwa hiyo wingu zito likionekana upande wowote, au askari wa hifadhi akisema hapana, msishuke, na mtoto wa miaka 4 asipelekwe huko kabisa. Kwa sababu hiyohiyo, msisimamishe hema kamwe ndani ya laga au kwenye mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini na unavutia kuliko mahali pengine pote.

Vilima vya Ngong na msitu wa Karura viwe vya matembezi ya mchana katika miezi ambayo hamtalala nje. Misitu ya juu upande wa Aberdare iacheni hadi mtakapokuwa na vifaa na moyo wa kutosha.

Suala la muda ndilo litakaloamua zaidi ya yote. Kwetu jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kama baba watoto anatoka kazini saa sita, mzigo uwe umefungwa Ijumaa usiku na kupakiwa garini Jumamosi asubuhi, mkampitie kazini na kuondoka moja kwa moja. Msongamano wa Rongai siku ya Jumamosi unaweza kuwala saa nzima. Jiwekeeni sheria: ikiwa saa nane imefika na hamjatoka mjini, safari ya kulala imeahirishwa, na Jumapili mtakwenda matembezi ya mchana. Ni uamuzi mchungu kwa watoto, lakini kusimamisha hema gizani na mtoto mwenye njaa ndiko kulikowaharibia Limuru, na sitaki mrudie.

Chakula cha jioni ya kwanza kipikwe nyumbani. Githeri au ndengu iliyoiva, chapati, mayai ya kuchemsha na chai kwenye thamosi vinatosha, na mtakula saa kumi na moja kukiwa bado na mwanga. Nyama choma ni ya mchana wa Jumapili, wakati hakuna mtu mwenye haraka. Wazazi wengi huniuliza kuhusu wanyama, ilhali kinachowaumiza watoto kambini mara nyingi ni moto na sufuria ya maji yanayochemka. Chora mstari ardhini kuzunguka jiko, hatua tatu kila upande, na mdogo asiuvuke. Chakula chote kilale ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu nyani na tumbili wakishajua kwamba kwenye hema kuna mkate hawatawaacha. Taa pia ziwe chache wakati wa mvua, kwani huvuta wale wadudu wembamba wenye rangi nyekundu na nyeusi ambao wakipondwa kwenye ngozi huacha kidonda kama cha kuungua. Mpulize mdudu huyo aondoke, usimpige.

Msibebe maji ya chupa za plastiki zinazotumika mara moja, wala sahani na vijiko vya namna hiyo. Vimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fuo tangu tarehe 5 Juni 2020, na mizigo yaweza kukaguliwa langoni. Ada za hifadhi hubadilika, kwa hiyo zitazameni kwenye tovuti rasmi kabla ya kupanga bajeti, lipieni kwa simu mngali nyumbani ambako mtandao ni wa kuaminika, na mbebe vitambulisho vyenu ili mtozwe ada ya raia.

Kwa watoto ambao wamekwisha kukata tamaa, msiwashawishi kwa ahadi. Waambieni wazi kwamba walikuwa sahihi, baridi ilikuwa kali, na kwamba mmebadilisha matandiko na mahali. Mkubwa apewe kazi ya kupiga misumari, wa pili awe mwenye tochi, na mdogo achague blanketi lake. Kaeni usiku mmoja tu, na mwondoke Jumapili baada ya chakula cha mchana kabla hawajachoka, wakiwa bado wanataka kubaki.

Mkifika nyumbani Jumapili jioni, kazi moja haiwezi kungoja hata kama wote mmechoka. Hema lifunguliwe na kuanikwa kwenye kamba za juu ya nyumba au hata juu ya milango na viti, hadi mishono yake ikauke kabisa. Hema lililofungwa likiwa na unyevu hupata ukungu ndani ya siku chache, harufu yake haitoki, na kitambaa huanza kupoteza uwezo wa kuzuia maji, jambo ambalo litawalazimu kununua lingine kabla ya mwaka kuisha.